SOMO: KUVUKA ZIWA WAKATI WA UPEPO MKALI



Wengi wetu hapa Nateete tuna jamaa wanaofanya kazi katika mashamba ya michikichi ya kisiwa cha Bugala, Kalangala. Mtu hushika barabara ya Masaka, hufika Bukakata, kisha feri humvusha hadi Luku. Feri ikimpita, huingia mtumbwi wa mbao wenye mashine. Somo hili ni la huyo aliyepitwa na feri.

Pwani wanayo ngalawa: mtumbwi mwembamba uliofungiwa mbao mbili za kuelea, moja kila ubavu. Upepo ukiinamisha chombo, mbao ya upande wa chini husukumwa majini, nayo hukataa kuzama. Baharia naye hukalia mti wa upande unaotoka upepo, mwili wake ukawa mzani. Upepo ukizidi hulegeza kamba ya tanga mara moja, kwani chombo cha namna hiyo kikishapinduka hakijiinui chenyewe.

Mtumbwi wa ziwani hauna mbao hizo. Mzani wake ni miili yetu sote tuliomo. Akisimama mmoja, uzito hupanda juu. Wakihamia wengi upande mmoja, mtumbwi huwafuata. Na maji yaliyoingia ndani nayo hukimbilia upande ulioinama, kwa hiyo kufua maji kusingoje yafike magotini. Tarehe 24 Novemba 2018, chombo kilichojazwa kupita kiasi kilizama karibu na ufuko wa Mutima, Mukono. Watu zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa kwenye starehe, si kazini, lakini ziwa halibagui.

Nahodha afanye nini? Apunguze mwendo, aelekeze omo kwenye mawimbi, upande kidogo, wala asiyape ubavu. Asizime mashine: mtumbwi usiosukumwa hugeuka wenyewe ukalala ubavu kwa mawimbi. Akitaka kugeuza, angoje mawimbi makubwa yapite kwanza. Abiria wakae chini kabisa, katikati, hata kama nguo zinalowa. (Wenye viatu vipya ndio wagumu kuelewa hapa.) Jaketi la kuelea livaliwe na kufungwa ufukoni, ndani ya maji vidole havipati nafasi ya kufunga kamba.

Sasa jambo linalotuhusu kama chama. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hujikusanya usiku na kuelekea alfajiri, upepo wa nchi kavu ukutanapo juu ya maji. Zamu ya saa moja asubuhi humfanya mfanyakazi avuke saa hizo hizo, gizani, akiogopa kukatwa siku yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamruhusu mfanyakazi kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Pale ambapo mwajiri ndiye anayekodi mtumbwi, tawi lihesabu majaketi na vichwa kabla ya safari, na lidai kwa maandishi kwamba siku ya upepo watu wavuke baada ya kukucha, bila kukatwa mshahara.