Kurefusha Mguu: Milimita Moja kwa Siku

Mguu mmoja ukiwa mfupi tangu kuzaliwa, au baada ya kuvunjika vibaya, unaweza kurefushwa kwa upasuaji. Mbinu inayojulikana sana ni ya daktari Gavriil Ilizarov, aliyeianzisha mjini Kurgan, Urusi, katika miaka ya 1950.

Daktari hukata mfupa na kuushikilia kwa nyaya nyembamba zilizofungwa kwenye pete za chuma nje ya mguu. Baada ya siku chache, nati huzungushwa mara 4 kwa siku, robo milimita kila mara. Mfupa mpya huota kwenye pengo hilo. Kuongeza sentimita 5 huchukua takriban siku 50, kisha pete hubaki miezi mingine kadhaa hadi mfupa ukomae.

Nyumbani, mgonjwa anapaswa:
• Kusafisha mahali nyaya zinapoingia, kama alivyoelekezwa.
• Kufanya mazoezi kila siku ili goti na kifundo visikakamae.
• Kutovuta sigara, kwani huchelewesha mfupa kuunga.
• Kutozidisha mizunguko kwa haraka ya kupona. Misuli na neva huumia.

Akiona usaha, homa au ganzi vidoleni, arudi hospitalini siku hiyo hiyo.