Dondoo muhimu: Furaha iliyoandikwa kifungoni

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na bado barua hiyo fupi, ya sura 4 tu, imejaa furaha. Wapo watakaosema huko ni kujidanganya. Lakini anayejidanganya huficha machozi; Paulo anakiri wazi kwamba kama Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi, angekufa kwa ugonjwa uliompata, huzuni yake Paulo ingezidi kipimo. Basi usijilazimishe kutabasamu kanisani. Ukielemewa, soma Zaburi ya 88, inayoishia gizani, na ambayo hata hivyo ni sala. Angalia pia kwamba kuridhika Paulo anasema alijifunza (Wafilipi 4:11), hakuzaliwa nako. Ukisali leo usione badiliko, usidhani imani yako ni bandia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba imani huwafunza wanyonge kuvumilia uonevu. Matendo 16 inaonyesha vingine: huko huko Filipi, baada ya kuimba gerezani usiku, Paulo alikataa kutolewa kimyakimya, akataka mahakimu waje wenyewe. Na msaada wa Wafilipi aliupokea. Kwa hiyo jumuiya ikikuchangia ada au dawa, pokea. Ukidhulumiwa mshahara, udai.