Mbwa Amekula Chokoleti: Usingoje Dalili

Ukimkuta mbwa wako amechana pakiti ya chokoleti, usimpige wala usipoteze muda kumgombeza. Mwondoe hapo, kisha okota kilichobaki, karatasi na vyote, ukiweke mfukoni. Daktari wa mifugo atataka kujua chokoleti ilikuwa ya aina gani, imeliwa kiasi gani, saa ngapi, na mbwa ana kilo ngapi. Karatasi hiyo itajibu nusu ya maswali. Mpigie simu papo hapo, hata kama mbwa bado anatikisa mkia.

Tunasisitiza hivyo kwa sababu dalili huchelewa. Huanza kujitokeza saa 2 hadi 12 baada ya kula, na wenye mbwa wengi hudanganywa na utulivu wa mwanzo. Saa hizo za utulivu ndizo ambazo daktari anaweza kumtapisha kabla sumu haijaingia kwenye damu. Zikipita, mbwa ataanza kutapika, kuharisha, kunywa maji kupita kiasi, kuhema na kuzungukazunguka bila kutulia. Sumu ikiwa nyingi, mapigo ya moyo huenda mbio, misuli hutetemeka, kisha degedege, na hapo anaweza kufa.

Sumu yenyewe inaitwa theobromini. Imo ndani ya mbegu ya kakao, pamoja na kafeini kidogo. Mwili wa binadamu huiondoa upesi, lakini wa mbwa huchukua takriban saa 17 kupunguza nusu yake tu, kwa hiyo anaweza kuugua hadi siku 3.

Aina ya chokoleti ina uzito mkubwa katika jambo hili. Nyeupe ina theobromini kidogo mno. Ya maziwa ina kama miligramu 2 katika kila gramu, nyeusi 5 au zaidi, na unga wa kakao usiotiwa sukari hupita 20. Dalili za awali hutokea mbwa akipata miligramu 20 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, na degedege hutokea kwenye 60. Mbwa wa kilo 10 hufikia kiwango hicho cha kwanza kwa gramu 100 za chokoleti ya maziwa, gramu 40 za nyeusi, au gramu 10 tu za unga wa kakao. Ndiyo maana kopo la kakao lililoachwa wazi jikoni linatutia hofu kuliko chokoleti ya mtoto.

Wakulima wa kakao wa Kyela nchini Tanzania, na wenzao wa Bundibugyo nchini Uganda, wana jambo la ziada: mbegu zinazoanikwa uani. Mbegu kavu ya kakao ina sumu nyingi kuliko chokoleti ya maziwa. Anikeni kwenye vichanja virefu, na mbwa afungwe mbali.

Sasa tiba za nyumbani. Maziwa hayaui sumu hii. Mafuta ya kula yanaweza kumpalia yakaingia mapafuni. Chumvi ya kumtapisha ni hatari kubwa, kwani yenyewe inaweza kumuua. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule wa dawa, ambao hutengenezwa kwa namna ya pekee ili unase sumu tumboni. Usimtapishe ila kwa maelekezo ya daktari, na kamwe usijaribu kwa mbwa aliyelegea au anayetetemeka. Kama daktari yuko mbali, mpigie afisa mifugo wa kata, au ulizia namba ya daktari kwenye duka la dawa za mifugo, huku ukitafuta usafiri.

Theobromini haina dawa ya kuizimua. Daktari humtapisha mbwa, humpa mkaa wa dawa, humtundikia dripu na kutuliza moyo na degedege hadi mwili uitoe sumu wenyewe. Mwambie pia kama chokoleti ilikuwa na zabibu kavu, au ilitiwa utamu wa zailitoli badala ya sukari. Vyote viwili ni sumu nyingine kwa mbwa.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mpe maji ya kutosha na umtoe nje akojoe kila baada ya saa chache, usiku pia. Theobromini iliyo kwenye mkojo hufyonzwa tena kupitia kibofu, na mkojo ukikaa humo, sumu hurudi kwenye damu.