Nani Mtenda? Kauli za Vitenzi katika Lugha ya Misaada na Mageuzi ya Kidemokrasia: Mfano wa Burundi na Kambi za Kasulu

Ikisiri

Makala hii inachunguza vitenzi vinavyotumika katika Kiswahili kuelezea misaada ya nje inayotolewa kwa nchi iliyotoka vitani ili ijenge demokrasia. Nchi inayochunguzwa ni Burundi, nayo inatazamwa kutoka Kasulu, mkoani Kigoma, ambako athari za mafanikio na za kushindwa kwa mageuzi hayo zimefika moja kwa moja. Tunadai kwamba mnyambuliko wa kitenzi ni ushahidi wa nani anahesabiwa kuwa mtenda katika mageuzi. Tunadai pia kwamba utenda wa kisarufi hautoshi iwapo mtenda hana uwezo wa kukataa.

1.0 Utangulizi

Mnyambuliko wa vitenzi ni mojawapo ya maeneo yaliyoshughulikiwa sana na wanaisimu wa Kiswahili. Tunajua jinsi viambishi vya kutendea, kutendesha, kutendana na kutendwa vinavyofuatana katika kitenzi, na jinsi kila kimoja kinavyoongeza au kupunguza idadi ya washiriki wa tendo. Hata hivyo, ni mara chache tumejiuliza mfumo huo unafanya kazi gani unapoingia katika lugha ya siasa, hasa siasa ya misaada.

Swali hilo lina uzito. Demokrasia, kwa tafsiri yoyote tutakayoichagua, ni suala la mtenda: nani anachagua, nani anaamua, nani anawajibishwa na nani. Iwapo lugha inayotumika kuijenga inamweka mwananchi katika nafasi ya mtendwa kila mara, hatuna budi kuuliza kama hali hiyo ni mazoea ya usemi tu au ni picha ya mambo yalivyo. Mifano tunayoitumia ni ya matumizi ya kawaida ambayo kila msemaji wa Kiswahili anaweza kuyathibitisha.

2.0 Muktadha wa kihistoria na kiisimu

Burundi iliingia vitani baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kushinda uchaguzi wa Juni mwaka huo. Mamia ya maelfu ya Warundi walivuka mpaka na kuingia Tanzania. Wilaya za Kasulu na Kibondo zikawa na makambi makubwa, miongoni mwake Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ilipokea Warundi pia.

Kiisimu, mpaka huo ni mwembamba. Katika uainishaji wa Guthrie, Kirundi ni D62 na Kiha ni D66. Mha wa Heru na Mrundi wa upande wa pili huelewana bila mkalimani. Kilichowatenganisha makambini ni lugha za kiofisi: watoto wa wakimbizi walifundishwa kwa mtalaa wa nchi walikotoka, wenye Kirundi na Kifaransa, ilhali amri na matangazo ya serikali ya nchi mwenyeji yalitoka kwa Kiswahili. Kwa hiyo dhana za amani, uchaguzi na msaada zilimfikia mkimbizi katika lugha zaidi ya moja, na si lazima zimwekee nafasi ileile katika kila lugha.

3.0 Kitenzi na washiriki wake

3.1 Kutendesha

Kauli ya kutendesha haina maana moja. Tazama sentensi zifuatazo:

(1) Askari waliwakimbiza wanakijiji.
(2) Mlinzi aliwapitisha wageni langoni.
(3) Kijana alimvusha mzee mto.

Katika (1) msababishaji analazimisha. Katika (2) anaruhusu. Katika (3) anasaidia. Kiambishi hakitofautishi hali hizi tatu; muktadha ndio unaozitofautisha. Msaada wa kweli ni ule wa (3): mzee alitaka kuvuka, na angeweza kubaki ng'ambo kama angependa.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba neno *mkimbizi* limeundwa kutokana na *kimbia*, kwa utaratibu uleule unaotupa *mlezi* kutokana na *lea* na *mjuzi* kutokana na *jua*. Kwa umbo, mkimbizi ni mtenda. Kwa uhalisia, aghalabu ni mtu aliyekimbizwa. Lugha inaweza kumpa mtu utenda ambao maisha hayakumpa, na tutaona hapa chini kwamba jambo hili halikomei kwenye neno hilo.

3.2 Msamiati wa misaada

Maneno *mfadhili* na *mhisani* yana asili ya Kiarabu, na yote mawili yamebeba dhana ya wema usiodaiwa. Haki hudaiwa, fadhila haidaiwi, bali hulipwa kwa shukrani. Asiyeshukuru huambiwa kwamba fadhila ya punda ni mateke. Katika miaka ya 2000 lugha rasmi nchini Tanzania ilianza kupendelea *washirika wa maendeleo*. Badiliko hilo ni la maana, kwa kuwa *shirikiana* ni kitenzi cha kutendana na huwapa pande zote nafasi ya mtenda. Lakini badiliko liliishia kwa mtoa msaada na serikali. Kwa mwananchi, istilahi iliyoenea ni *ushirikishwaji*:

(4) shiriki > shirikisha > shirikishwa > ushirikishwaji

Mwananchi hapa hashiriki, anashirikishwa. Yuko mtu mwingine, asiyetajwa, mwenye mamlaka ya kumwingiza au kumwacha nje. Ndivyo ilivyo pia kwa *wezeshwa*, *elimishwa* na *hamasishwa*, vitenzi ambavyo taarifa ya mradi ni nadra kuvikosa. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda kuachwa bila kutajwa, na katika lugha ya misaada huachwa mara nyingi.

3.3 Andikishwa na jiandikisha

Kiswahili kina njia ya kumrudishia mtendwa utenda wake, nayo ni kiambishi *-ji-*. Mkimbizi anapowasili kambini *huandikishwa*. Raia anapotaka kupiga kura *hujiandikisha*. Kitenzi ni kimoja na usababishi umebaki palepale, ila katika umbo la pili msababishaji na msababishwa ni mtu mmoja. Falsafa ya *kujitegemea* iliyoenezwa nchini Tanzania tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, pamoja na onyo lake kwamba fedha za nje zinaweza kuhatarisha uhuru, ilisimama kwa kiasi kikubwa juu ya kiambishi hiki.

4.0 Burundi, 2000–2020

4.1 Patana na patanisha

Mkataba wa Arusha wa Amani na Maridhiano ya Burundi ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mpatanishi wa kwanza alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, na baada ya kifo chake Oktoba 1999 alifuatiwa na Nelson Mandela. *Patana* ni kitenzi kisichohitaji mtu wa tatu, *patanisha* kinamhitaji. Pande 19 zilishiriki katika mazungumzo hayo, baadhi zikatia saini huku zikiwa na mashaka yaliyoandikwa, na makundi makuu yenye silaha, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakutia saini. Vita viliendelea. Vilipungua kwa kiasi kikubwa pale tu CNDD-FDD wenyewe walipofikia makubaliano na serikali, yaliyohitimishwa Dar es Salaam Novemba 2003.

Walichopatana Warundi wenyewe ndicho kilichodumu zaidi. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005 iliweka Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40 katika Bunge, viti vitatu kwa Watwa, wanawake wasiopungua asilimia 30, na sharti kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Fedha za nje ziligharimia mazungumzo, kulinda amani na uchaguzi wa mwaka 2005, kazi ambayo Umoja wa Mataifa uliisimamia kupitia ujumbe wake wa ONUB kati ya mwaka 2004 na 2006. Huu ulikuwa msaada wa sentensi (3): wavukaji walikuwa wameshaamua kuvuka.

4.2 Kutoka ufadhili hadi mchango

Mwaka 2006 Burundi na Sierra Leone zilikuwa nchi za kwanza kuwekwa katika ajenda ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Kujenga Amani, na mwaka 2007 Burundi ilitengewa dola milioni 35 kutoka Mfuko wa Kujenga Amani. Katika miaka iliyofuata misaada ilikaribia nusu ya bajeti ya serikali. Hapa ndipo tatizo la mtenda lilipojitokeza. Serikali inayoendeshwa kwa fedha za nje hutoa hesabu kwa aliyezitoa kabla ya kutoa hesabu kwa mpiga kura. Uchaguzi wa mwaka 2010 ulisusiwa na sehemu kubwa ya upinzani, lakini misaada haikukoma. Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alitangazwa kuwa mgombea kwa muhula wa tatu. Yakafuata maandamano, jaribio la mapinduzi mwezi Mei, na wimbi jipya la wakimbizi. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali, hatua iliyoondolewa Februari 2022.

Jibu la serikali lilikuwa kugharimia uchaguzi wa mwaka 2020 kwa fedha za ndani. Kwa amri ya Desemba 2017, kila kaya ilitakiwa kutoa faranga 2,000 na kila mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura faranga 1,000. Kwa Kirundi utoaji huo uliitwa *intererano*. Kiswahili chake ni *mchango*. Kwa juu juu, huu ulikuwa ushindi wa utenda: wananchi wanachanga kwa ajili ya uchaguzi wao kama wanavyochanga kwa ajili ya arusi au msiba. Lakini mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba ukusanyaji uliambatana na vitisho na vipigo, na kwamba vijana wa chama tawala walishiriki kuukusanya. Kiswahili kina neno sahihi kwa hali hiyo:

(5) changa > changisha > changishwa

Aliyechangishwa kwa vitisho hakuchanga, hata kama fedha imetoka mfukoni mwake. Kwa hiyo kuondoka kwa mfadhili hakumfanyi mwananchi kuwa mtenda. Hoja ya kwamba fedha za ndani huleta demokrasia zenyewe ni dhaifu sawa na hoja ya kwamba fedha za nje huileta.

5.0 Kasulu na neno *hiari*

Mahali ambapo suala hili lilipimwa kwa ukali ni Mtabila. Baada ya mahojiano na wakaazi wa kambi hiyo, zaidi ya Warundi 33,000 waliondolewa hadhi ya ukimbizi kuanzia tarehe 1 Agosti 2012, na wapatao 2,700 wakaonekana kuwa bado wanahitaji ulinzi. Kambi ilifungwa mwishoni mwa mwaka huo. Kwa wahisani, kufungwa kwa Mtabila kulikuwa dalili kwamba mageuzi ya Burundi yamefaulu.

Katika lugha ya kiofisi husikika mara kwa mara tungo *kurejeshwa kwa hiari*. Kisarufi, tungo hii inagongana yenyewe. *Rejeshwa* inamfanya mkimbizi kuwa mtendwa wa msababishaji aliyefichwa; *kwa hiari* inadai kwamba yeye ndiye aliyeamua. Inayolingana na hiari ni *kurejea*. Kirundi kinasema *gutahuka*, kitenzi kisicho na yambwa, ambacho kiima chake ndiye arudiye. Yafaa kuzingatia kwamba katika shughuli ya mwaka 2012 maelezo rasmi yaliegemea kwenye kurudi *kwa utaratibu* badala ya *kwa hiari*. Walioandika hivyo walikuwa waaminifu kwa lugha: kielezi kisichofaa kiliachwa.

Miaka mitatu baadaye makumi ya maelfu ya Warundi walipokelewa Nyarugusu, kisha Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Kufikia mwaka 2017 walioingia Tanzania walizidi 200,000. Miongoni mwao walikuwamo watu waliorudishwa mwaka 2012. Hatudai kwamba kitenzi kilisababisha hayo. Tunadai kwamba aliyesoma kitenzi kwa makini mwaka 2012 angekuwa na sababu ya kutilia shaka ripoti ya mafanikio, kwa kuwa waliotajwa kuwa mashahidi wake hawakuwa watenda.

6.0 Kipimo cha mtenda

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza maswali matatu ya kuchambulia matini za misaada na mageuzi, ambayo mwanafunzi wa isimu anaweza kuyatumia darasani na nyanjani:

(i) Je, viambishi vya kutendesha na kutendwa vikiondolewa, sentensi inabaki kweli? (*walishirikishwa* > *walishiriki*)
(ii) Je, *-ji-* ikiingizwa, sentensi inabaki kweli? (*waliandikishwa* > *walijiandikisha*)
(iii) Je, kiima kingeweza kukanusha tendo bila kudhurika? (*hakuchanga*, *hakurejea*)

Makubaliano ya mwaka 2003 yanafaulu katika swali la kwanza na la tatu. Swali la pili halina kazi penye kutendana. Mchango wa 2017 unafaulu kwa umbo katika swali la kwanza na kuanguka katika la tatu. Safari ya Mtabila inaanguka katika la tatu pia. Swali hilo la tatu ndilo lenye uzito, na si la mofolojia peke yake, bali la pragmatiki.

7.0 Hitimisho

Ipo hoja kwamba kauli ya kutendwa ni mtindo tu wa uandishi wa ripoti, na kwamba kubadili vitenzi hakubadili serikali. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa matini nyingi. Sehemu ya pili hatuipingi: *washirika* waliposhika nafasi ya *wafadhili*, mwenye mfuko hakubadilika. Lakini mfasiri anayeandika *kurejeshwa kwa hiari* anamnyima msomaji habari muhimu, yaani nani ameamua. Vyombo vya kusanifu istilahi, BAKITA ikiwa mojawapo, pamoja na wafasiri wa mashirika, vinapaswa kutenganisha *rejea* na *rejesha*, *changa* na *changisha*, *shiriki* na *shirikisha*, kwa ukali uleule wanaotumia wanasheria.

Utafiti zaidi unahitajika hasa kuhusu Kiha na Kirundi, lugha ambazo watu wa pande mbili za mpaka huzitumia kujadili mambo haya pasipo ofisi. Kirundi husema *gutora* kwa kuchagua kiongozi, kitenzi ambacho pia ni cha kuokota kitu kwa mkono wako. Mwenye kuokota ana mkono, na ana uwezo wa kuuacha mtupu.