Chawa wa Kichwani na Namna ya Kuwaondoa

Jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba chawa wa kichwani ni udhia, si aibu. Katika mwaka wa 6 wa Hijra, hapo Hudaybiyya, sahaba Kaab bin Ujra alikuwa katika ihramu, na chawa wakimwangukia usoni kwa wingi wao. Mtume, sala na salamu zimshukie, alipomwona hakumlaumu kwa uchafu. Alimruhusu anyoe, kisha atoe fidia: afunge siku 3, au alishe maskini 6, au achinje mnyama. Basi wewe wamkemeaje binti yako, aliyewapata kwa kulala kitanda kimoja na mwenziwe? Chawa hawaruki wala hawana mbawa. Hutambaa kutoka kichwa hata kichwa, na kichwa kioshwacho kila siku huwapata vile vile.

Mwanamume akinyoa kipara, shughuli yake imekwisha. Ama msichana hapana haja ya kumnyoa, na kumnyoa kwa hasira ni kumdhalilisha bure. Mpake nywele mafuta ya nazi kwa wingi, uzigawe mafungu madogo madogo, kisha kila fungu ulipitishe kitana cha meno ya kukaribiana, tangu kwenye ngozi hata nchani, ukikipangusa kwa kitambaa cheupe upate kuona kilichotoka. Kazi hii yataka saa nzima, na wengi wetu huiachia hapo.

Taabu i katika mayai. Hayo hugandana na unywele karibu na ngozi, wala maji hayayatoi. Huanguliwa kwa siku 7 hata 10, na mtoto wa chawa hukaa siku kama 10 kabla hajaanza kutaga. Basi achanaye mara moja akatosheka, huwaona tena baada ya majuma machache, akasema amerogwa! Chana siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Siku ya 17 tazama tena. Na vichwa vyote vya nyumbani vitazamwe siku moja, cha baba kadhalika.

Mafuta ya taa usimpake mtoto kabisa. Huunguza ngozi na macho, na akikaribia jiko nywele hushika moto. Dawa ya wadudu wa shamba nayo ni sumu. Foronya, kofia na vitana vitiwe katika maji ya moto. Godoro usilichome, kwani chawa aliyetengana na kichwa hufa kwa siku 2.