Dondoo muhimu: Kabla ya kuhamia Linux

Usiharakishe kufuta Windows. Andaa flashi ya Ubuntu au Linux Mint, washa kompyuta mpakato kupitia flashi hiyo bila kusakinisha chochote, kisha jaribu sauti, kamera na waifai. Funga kifuniko, kifungue tena uone kama kompyuta inaamka. Wengi hulisahau hili.

Waifai ndiyo mtihani wenyewe. Chipu za Intel kwa kawaida hukubali papo hapo. Za Broadcom, zilizojaa kwenye MacBook za zamani, mara nyingi hudai draiva ya ziada. Andika lspci -k kwenye terminali: chini ya kadi yako pasipokuwa na mstari wa "Kernel driver in use", hakuna draiva inayoiendesha. Na utaipakuaje bila intaneti? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa chaguo la kushiriki intaneti kwenye simu, na Linux itaichukulia simu kama kadi ya mtandao. Debian imepunguza usumbufu huu tangu toleo la 12, mwaka 2023: fimwea nyingi zisizo huria sasa zimo kwenye kisakinishi.

Kisoma alama za vidole? Usikitegemee.

Ukinunua kompyuta ya mtumba, mwombe muuzaji akuruhusu kuiwasha kwa flashi yako kabla hujatoa pesa.