Mwanamke Akaribiapo Kukoma Hedhi: Dalili Zake na Namna ya Kusikilizwa na Tabibu

Binti wa kwetu apatapo hedhi ya kwanza, yupo somo wa kumfunza. Hufunzwa kujisitiri, kuoga janaba na kuhesabu siku zake, na aolewapo hufunzwa tena. Lakini hedhi iyo hiyo itakapokaribia kukoma, baada ya miaka thelathini au zaidi, hapana somo ajaye mlangoni kumwambia litakalomfika. Mwanamke huachwa peke yake katika mlango huu wa mwisho, akidhani kwamba yampatayo hayajampata mwingine.

Madhara ya kimya hiki ni makubwa kuliko tudhaniavyo. Mwanamke wa miaka arubaini na kitu akosapo usingizi, moyo ukamwenda mbio pasi na sababu, akawa mwepesi wa hasira na wa machozi, mumewe husema amebadilika, jirani husema ana pepo. Aendapo kwa tabibu akasema ana joto mwilini, huenda akapewa dawa ya malaria. Akirudi, hupewa vidonge vya usingizi. Akirudi mara ya tatu huambiwa, "Mama, huo ni umri tu." Twajua nyumba zilizovunjika katika hali hii, na twajua wanawake waliovuja damu miezi mingi hata nguvu zikawaishia, wakidhani ndivyo ilivyo ada. Kwa hivyo tumeona yatupasa kulieleza jambo hili wazi, wake kwa waume walisome.

Wala asiseme mtu kwamba haya yakataza. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Na Fatima binti Abi Hubaishi alimwendea Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, akamweleza kuwa damu yake haikatiki, akauliza kama aache sala. Hakukemewa wala hakuambiwa anyamaze. Alijibiwa kwamba ile ni damu ya mshipa, si hedhi, akaelezwa la kufanya. Ikiwa jambo hili lilisemwa mbele ya Mtume, basi halishindwi kusemwa mbele ya daktari.

YALIYOMO MWILINI

Kukoma kwa hedhi si jambo la siku moja. Wataalamu huhesabu kuwa hedhi imekoma pale mwanamke atimizapo miezi 12 mfululizo pasi na kuiona, na wanawake wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini kabla ya hapo pana kipindi cha mpito, ambacho kwa kawaida huanza baada ya miaka 40, na huchukua miaka kadhaa. Hiki ndicho tunachokizungumza leo.

Katika kipindi hiki vifuko vya mayai huwa vimeanza kuchoka. Homoni ya estrojeni, ambayo huutumikia mwili wote tangu mifupa hata ubongo, haipungui polepole kama maji ya mtungi uvujao. Hupanda sana wiki hii, ikashuka sana wiki ijayo. Homoni ya pili, projesteroni, huwa haitoki kila mwezi kwa sababu si kila mwezi yai hutoka. Kupanda na kushuka huku ndiko kunakoleta taabu, na ndiko kunakofanya kipimo kimoja cha damu kisitoshe kuamua jambo. Ukipimwa leo waweza kuonekana mzima, na ukipimwa baada ya wiki mbili ukaonekana kinyume chake.

DALILI ZA MWANZO

Dalili ya kwanza kwa wengi ni kubadilika kwa mwendo wa hedhi. Wataalamu waliokutana Marekani mwaka 2001, wakayapitia tena maneno yao mwaka 2011, waliweka alama mbili zifaazo kukumbukwa. Alama ya mwanzo wa mpito ni kuwa urefu wa mzunguko mmoja na ule uufuatao hutofautiana kwa siku 7 au zaidi, na jambo hilo likajirudia. Alama ya kuwa mpito umesonga mbele ni kupita siku 60 au zaidi bila ya hedhi.

Kisha huja nyingine, wala si lazima zije zote. Huja fukuto la ghafla lipandalo kifuani, shingoni na usoni, likakaa dakika chache, likafuatwa na jasho na pengine baridi. Huja jasho la usiku hata shuka zikalowa. Mtu aweza kudhani ni joto la kaskazi. Lakini atokwaye na jasho jekejeke katika kipupwe, ilhali wenziwe wamejifunika, na atafakari. Tena huja kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, viungo kuuma, kusahau maneno na majina, huzuni au wasiwasi usio na sababu, ukavu wa utupu unaotia maumivu katika tendo la ndoa, na haja ndogo ya mara kwa mara.

Haya si ya siku chache. Katika utafiti mkubwa wa wanawake wa Marekani ulioanza mwaka 1996, matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa nusu ya wanawake waliosumbuliwa sana na mafukuto walidumu nayo zaidi ya miaka 7, na walioanza kuyaona ilhali hedhi zao zingaliko ndio waliodumu nayo zaidi. Basi kumwambia mwanamke "vumilia, yatapita" ni kumwambia avumilie sehemu kubwa ya umri wake.

Yafaa pia ijulikane kuwa katika kipindi hiki mimba yaweza kuingia, hata kama hedhi imeruka miezi miwili au mitatu. Na mwenye kutumia sindano au kijiti cha kupanga uzazi aweza asione hedhi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya umri.

HESABU YA SIKU NI HOJA

Mwanamke wa Kiislamu anayo silaha ambayo wengi hawanayo, nayo ni hesabu. Sala yake, deni lake la Ramadhani na eda yake vyote vyasimama juu ya kuzijua siku zake. Hesabu hiyo hiyo aiandike katika daftari: siku damu ilipoanza, siku ilipokatika, wingi wake, na pembeni aandike usiku aliokosa usingizi na mafukuto aliyoyapata. Miezi mitatu ya daftari namna hii yamwambia tabibu zaidi kuliko maneno ya saa nzima.

Lakini hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Katika madhehebu ya Shafi yetu, hedhi yaweza kufika siku 15, na izidipo hapo ni damu ya istihadha. Huo ni mpaka wa ibada, uliowekwa ili mtu ajue lini asali na lini asisali. Si mpaka wa afya. Kwa matabibu, damu izidiyo siku 8 imekwisha kuwa ndefu kuliko kawaida, na yahitaji kutazamwa. Basi asiseme mwanamke, "Sijapita kumi na tano, kwa hivyo sina neno." Yaweza kuwa hedhi kwa hukumu ya sala, nayo ni ugonjwa kwa hukumu ya tiba.

Kadhalika aliyeachwa katika umri huu asikimbilie kuhesabu eda kwa miezi mitatu kwa kuwa hedhi imechelewa. Hesabu ya miezi, iliyotajwa katika Sura ya Talaka, aya ya 4, ni ya waliokwisha kukata tamaa ya hedhi, na mwenye hedhi ya kurukaruka hajafika hapo. Na amuulize kadhi au mwanachuoni.

MBELE YA TABIBU

Kwanza, sema waziwazi. Maneno yetu ya sitara ni mazuri nyumbani, lakini tabibu huyafahamu kwa njia nyingine. Ukisema "nina joto," husikia homa. Sema: "Joto lanijia ghafla mara kadhaa kwa siku, lakaa dakika chache, kisha natoka jasho, na nikipima sina homa." Ukisema "siku zangu zanisumbua," hajui kama ni nyingi au chache. Fungua daftari umsomee.

Pili, taja lile lililokuzuia. Sema kuwa hulali zaidi ya saa tatu, kuwa wabadilisha nguo kila saa, kuwa huwezi tena kufungua duka lako au kwenda darasani. Tabibu huona wagonjwa wengi kwa siku moja, na dalili iliyotajwa pamoja na hasara yake haisahauliki upesi.

Tatu, uliza swali lenyewe: "Je, yawezekana haya ni ya kukaribia kukoma hedhi? Na kama siyo, ni nini, na tutajuaje?" Muongozo wa matabibu wa Uingereza wa mwaka 2015 wasema kuwa mwanamke mzima aliyepita miaka 45 hutambuliwa kwa dalili zake, wala hahitaji kipimo cha homoni. Basi ukiambiwa, "Vipimo vyako ni salama, huna kitu," jibu kwa adabu kwamba kipimo hakiondoi dalili. Lakini aliye chini ya miaka 45 huenda akahitaji kupimwa, na aliye chini ya miaka 40 ni lazima achunguzwe, kwa kuwa hedhi ikomayo mapema hivyo hudhoofisha mifupa na huongeza hatari ya maradhi ya moyo, nayo ina matibabu.

Nne, hakikisha kuwa maradhi mengine yametazamwa, kwani si kila jambo ni umri. Upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingoni na mimba, vyote hupimwa kwa urahisi. Jasho la usiku pamoja na kikohozi na kukonda laweza kuwa kifua kikuu. Damu nyingi yaweza kuwa ya uvimbe wa kizazi.

Tano, ukiambiwa "ni umri tu," uliza: "Ni maradhi gani umekwisha kuyaondoa, Daktari? Tafadhali yaandike katika faili yangu." Swali hili halina utovu wa adabu, na mara nyingi humfanya mtu atazame tena. Asipotazama, nenda kwa mwingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya, na afya ya uzazi imetajwa humo kwa jina lake.

Sita, usiende peke yako ikiwa waona haya. Nenda na dada, binti mkubwa au mume. Omba kuonwa na daktari mwanamke, na asipopatikana, fiqhi imeruhusu tabibu mwanamume mwaminifu kwa haja ya matibabu, na maharimu wako awepo.

Na hizi ndizo alama zisizongoja daftari la miezi mitatu: damu ilowanishayo kitambaa kizima kila saa, damu itokayo baina ya hedhi na hedhi, damu ifuatayo tendo la ndoa, na damu yoyote, hata tone, baada ya miezi 12 ya kukoma. Mwenye kuona mojawapo na aende upesi, kwa kuwa yaweza kuwa dalili ya saratani, na saratani iliyoonekana mapema hutibika kuliko iliyochelewa.

KUHUSU DAWA

Iko tiba ya homoni, nayo hupunguza mafukuto kuliko dawa nyingine zote. Watu waliiogopa tangu mwaka 2002, utafiti mmoja mkubwa wa Marekani ulipositishwa sehemu yake kwa kuonekana ongezeko la saratani ya matiti na maradhi mengine. Lakini wastani wa umri wa wanawake wa utafiti ule ulikuwa miaka 63. Ilipochunguzwa baadaye, ilionekana kuwa kwa wengi walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu hedhi kukoma, faida yake huzidi hatari. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, bali pamoja na projesteroni, ili kizazi kisipatwe na saratani. Na kwa kawaida haipewi aliyewahi kuugua saratani ya matiti, wala mwenye damu isiyojulikana sababu yake. Asiyeifaa ana dawa nyingine zisizo za homoni. Na atumiaye mitishamba na amwambie tabibu wake, asifiche.

NENO KWA WANAUME

Enyi ndugu zetu, mke aliyekuzalia na kukutunza miaka ishirini hakugeuka kuwa adui katika miezi sita. Kabla hujasema neno lisilorudi, muulize amelala vipi jana. Mtoe nauli na pesa za kipimo kama umtoavyo mtoto mwenye homa, ukae naye katika foleni ya hospitali. Kuishi nao kwa wema ni amri, wala haikuwekewa umri wa kukoma.

Na nyinyi mama zetu mliokwisha kuuvuka mlango huu, msinyamaze. Mlikuwa masomo wa mabinti siku za mwanzo, basi kuweni masomo wao tena siku hizi za mwisho.

Wa billahi t-taufiq.